Ombi la Kudhoofishwa Tena kwa Manispaa ya Ain Louz

Manispaa ya Ain Louz
Ofisi ya Katibu Mkuu
Jumatatu, 11 Novemba 2019

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Mpango wa Kuimarisha Utawala wa Manispaa,
Tunis.

YAH: MALALAMIKO JUU YA KUIMARISHWA KUPITA KIASI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumai barua hii itakukuta umekaa, na chai yako bado ina moto, kwa sababu ninayotaka kukueleza hayafai kusomwa na mtu aliyesimama.

Mimi ni Lazhar Mbazaa, katibu mkuu wa manispaa hii kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Mameya sita wamepita, mimi nipo. Mapinduzi yamepita, mimi nipo. Katika miaka yote hiyo manispaa yetu ilikuwa dhaifu, sikatai, lakini udhaifu wake ulikuwa na utulivu. Mwananchi alikuja, akaambiwa Meya hayupo, akaenda zake. Alirudi, akaambiwa Meya yupo lakini ana kikao. Mara ya tatu hakurudi, nasi tukahesabu kwamba tatizo lake limetatuliwa.

Kwa hiyo mlipokuja mwaka jana na kusema mtatuimarisha kwa msaada wa nchi rafiki, nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wafadhili watatu walikuwa wamekuja kabla yenu. Wa kwanza walituachia kalenda. Wa pili walituachia kompyuta isiyo na waya. Wa tatu walipanda mzaituni mbele ya ofisi, wakapigwa picha nao, wakaondoka, na mbuzi wa jirani akaumaliza mradi wiki hiyohiyo. Nilidhani na nyinyi ni watu wa namna hiyo. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo maana leo nalalamika. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, jinsi mlivyotufundisha.

1. Kuhusu viti. Mwezi wa kwanza tu mtaalamu wenu, Bi Annelies, alituletea viti sitini vya plastiki, vya buluu. Hatukuomba viti. Ukumbi wetu wa vikao ulikuwa na viti kumi na vitano, na madiwani ni kumi na watano. Sheria inasema kikao kiwe wazi kwa wananchi, nasi hatukuwahi kuivunja: mlango ulikuwa wazi, na mwananchi aliyetaka kusimama kwa muda wa saa tatu nyuma ya kabati aliruhusiwa kusimama. Hakuna aliyetaka. Lakini kiti, Mheshimiwa, kinamwita mtu. Wa kwanza kuitika alikuwa Ammi Mabrouk, mzee aliyestaafu kazi ya kuongoza treni stesheni, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Alikaa mstari wa mbele kabisa, akaweka kofia yake kwenye kiti cha pili. Meya wetu, Daktari Taoufik, ambaye kabla ya kuchaguliwa alikuwa akitibu ng'ombe na kondoo na bado ana upole wa kazi hiyo, akamuuliza kama ana hoja.

“Hoja sina, mwanangu,” akasema Ammi Mabrouk. “Nimekuja kuona viti. Kumbe na nyinyi huwa mnakuja?”

Watu walicheka mpaka kengele ya kikao ikapigwa mara nne. Kikao cha pili alikuja na hoja tisa.

2. Kuhusu Bi Rafika, karani wetu wa mapokezi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifuma soksi za wapwa zake pale mezani. Mimi sikumsumbua, wala yeye hakunisumbua. Mkampeleka Sousse kwenye mafunzo ya siku tatu, hoteli ya ufukweni. Nilitegemea arudi na rangi ya jua kama sisi wengine wote tuliowahi kupelekwa mafunzo. Alirudi na daftari. Akafunguliwa dirisha la malalamiko, na tangu siku hiyo kila anayelalamika hupewa namba, na karatasi yenye tarehe ya kujibiwa. Siku ishirini na moja! Katika ofisi ambayo kubadilisha balbu ya chooni kulichukua mihula miwili ya bunge.

Asubuhi moja nikiwa nimefungua gazeti akaingia bila kubisha.

“Bwana Katibu, namba kumi na saba imebakiza siku mbili.”

“Waambie inachunguzwa.”

“Inachunguzwa na nani?”

“Na idara husika.”

“Idara husika ni wewe, Bwana Katibu. Nimeangalia kwenye mchoro ukutani.”

Mchoro huo mliuchora nyinyi. Nilikuwapo mlipokuwa mkiuchora, na nilisifia rangi.

3. Kuhusu kabati. Hapa naomba uache kunywa chai. Ofisini kwangu kuna kabati la chuma ambamo niliweka maombi yote ya wananchi. Nasema maombi yote: sikuwahi kutupa hata moja, na hilo lilikuwa fahari yangu. Kila ombi nililigonga mhuri unaosema ITACHUNGUZWA, mhuri niliouagiza mwenyewe Tunis, wenye tarehe za kuzungusha kwa kidole. Nilikuwa na mkono mwepesi. Kabla ya adhana ya adhuhuri niliweza kugonga barua thelathini, bila mstari wa kwanza wa hata moja kunichelewesha.

Bi Annelies alijifunza Kiarabu chake vitabuni, kwa hiyo anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Anamwita muuza nyama “ewe muuzaji mtukufu,” na muuza nyama humwongezea mfupa. Alisimama mbele ya kabati langu akasema, “Ewe Bwana Katibu, ni nini kilichomo ndani ya hazina hii?”

Nikajibu kwamba ni mambo yanayoendelea kuchunguzwa.

“Tuyafungue basi, ili nasi tushiriki katika uchunguzi.”

Machi mwaka huu tulikaa kuzunguka meza: Meya, Bi Annelies, Bi Rafika wa kusoma kwa sauti, Ammi Mabrouk kwa niaba ya wananchi, na mimi wa kutoa maelezo. Tulipanga mafungu. Fungu la taa, fungu la mbwa, fungu la takataka. Halafu likaja fungu la korongo. Unajua, Mheshimiwa, mji wetu umekatwa na korongo, na shule ya msingi iko ng'ambo. Kiangazi watoto huvuka juu ya mawe bila shida. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka bila kuaga.

Katika fungu hilo kulikuwa na barua tatu za mwandiko mmoja, safi, zimepigiwa pambizo kwa rula. Bi Rafika akaanza ya kwanza, ya mwaka 2011: “Mimi ni mwalimu wa shule ya ng'ambo, naomba kuwaarifu kuhusu hatari inayowakabili wanafunzi wetu...”

Mimi, nikitaka kuonekana mtu wa maendeleo, nikamkatiza. “Mwandiko mzuri sana,” nikasema. “Mnaona? Wananchi wa namna hii ndio tunaowahitaji.”

Bi Rafika alikuwa ameshafika chini ya ukurasa kwa macho. Akaishusha karatasi mezani.

“Soma jina,” Meya akamwambia.

“Naziha Gharsalli.”

Mheshimiwa Mkurugenzi, Naziha Gharsalli ni mke wangu.

Ya pili ilikuwa ya 2014. Ya tatu, ya Februari 2017, nilimwomba Bi Rafika asiisome. Ammi Mabrouk akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, “Isome, binti yangu. Imengoja vya kutosha.” Ikasomwa. Ilisema kwamba siku iliyotangulia maji yalishuka ghafla, mtoto wa darasa la pili aitwaye Islem akateleza kwenye mawe, na mwalimu akamkamata kwa mkanda wa begi. “Mkanda ungekatika,” alimalizia, “leo ningekuwa naandika barua nyingine, na si kwenu.” Mhuri wangu umepigwa juu ya sentensi hiyohiyo, ndiyo maana Bi Rafika aliisoma kwa shida.

Nikaikumbuka siku ile. Naziha alirudi nyumbani mchana, amelowa hadi kiunoni, anatetemeka. Nami, mume wake, katibu mkuu, nilimwambia asikanyage zulia.

Meya aliangalia kucha zake. Bi Annelies alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza taarifa ya habari haikutoka. Ammi Mabrouk ndiye aliyesema, “Mpeni mwanangu maji.” Nikapewa maji, nikayanywa.

4. Kuhusu nyumba yangu. Nimesoma mkataba wa Mpango mara mbili pamoja na viambatisho, na hakuna kifungu kinachosema kuimarishwa kutafika mpaka jikoni kwangu. Jioni hiyo nilimkuta Naziha akichambua dengu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Nilikuambia,” akasema. “Mwaka ule wa kwanza, hapa hapa mezani. Ukasema kazi haziletwi nyumbani, mwenye shida aandike.”

“Sawa. Na ulipoandika, kwa nini hukusema kwamba umeandika?”

Alitoa kijiwe kwenye dengu, akakiweka pembeni.

“Nilitaka kuona unavyowatendea watu ambao hawakupikii.”

Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata jambo hadi mwisho pale linaponiumiza tu, nikauliza, “Na umeonaje?”

“Mara tatu nimeona,” akasema, akaendelea na dengu zake.

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepata la kujitetea, ningesema wanawake wana maneno mengi, ningekwenda kahawani nikawaeleza wenzangu wa karata nao wakanipa haki yangu. Lakini kahawani nako habari ilikuwa imenitangulia. Nilipoingia tu mmoja akasema, “Karibu, Bwana Itachunguzwa! Kahawa yako inachunguzwa.” Nilikunywa nikiwa nimesimama, kama mwananchi.

5. Kuhusu kura. Mpango wenu ulitenga fungu la fedha na kusema wananchi wenyewe wachague la kufanyia. Mimi nilikuwa na pendekezo langu tangu mwaka 2003: kidimbwi cha marumaru kwenye mzunguko wa barabara, maji yakiruka, taa za rangi, na katikati sanamu ya lozi yenye urefu wa mita tatu, kwa heshima ya jina la mji. Hata baada ya mambo ya kabati sikuweza kuliacha. Mtu hukaa na ndoto yake miaka kumi na sita, akaikosea hesabu akadhani ni ya mji mzima. Nilizungumza dakika ishirini. Nilionyesha mchoro. Nilisema wasafiri wanaopita watasimama wapige picha.

“Wasafiri gani, mwanangu?” Ammi Mabrouk akauliza. “Barabara inaishia kwetu.”

Na mama mmoja mfuma mazulia, nyuma kabisa, akadakia: “Julai nzima mabomba yanakohoa tu, sisi tunachota kwa ndoo, halafu yeye anataka maji yaruke!”

Naziha alikuwa mstari wa tatu pamoja na walimu wenzake. Ilipoulizwa nani anataka daraja la kuvukia korongo, alinyoosha mkono kama tunavyowafundisha watoto kunyoosha, kiwiko kikiwa kimenyooka. Daraja lilipata mikono themanini na tatu. Lozi ilipata mitatu: wangu, wa fundi wa marumaru, na wa bwana mmoja ambaye baadaye alieleza kwamba alikuwa akiomba mlango ufungwe, upepo ulikuwa unampiga.

Na bado hamkutosheka. Ofisi ya mkoa ilitaka ushahidi kwamba hitaji la daraja ni la muda mrefu. Ushahidi pekee uliokuwa na tarehe ni barua za mke wangu, zilizothibitishwa kwa mhuri wangu. Niliziambatisha kwa mkono huuhuu. Afisa wa mkoa alinipigia simu kunipongeza, akasema tangu aanze kazi hajapokea uzembe ulioandikwa kumbukumbu vizuri kiasi hicho. Nilimshukuru.

6. Kuhusu hali yangu ya kiafya. Bi Annelies alipendekeza msimamizi wa ujenzi awe mtu mwenye uzoefu wa jambo hilo, na kwa uzoefu wa kulikalia jambo hilo hakuna aliyenizidi. Nikawa nashuka korongoni kila Jumanne, viatu vya ofisini, miwani imejaa vumbi. Kamati ya wananchi watatu ilinifuata, Ammi Mabrouk mbele na fimbo yake.

Agosti, daraja likikaribia kuisha, nilipima kimo cha kingo zake za kushikia. Mchoro ulisema mita moja na sentimita ishirini. Mkandarasi alikuwa amezikomesha kwenye sentimita tisini. Akanishika bega, mtu mchangamfu, ananukia manukato.

“Bwana Katibu, sentimita thelathini ni nini kati yetu sisi watu wazima?”

Miaka yote iliyopita ningemwambia si kitu, tungekwenda kunywa kahawa. Nilikuwa hata nimeshageuka upande wa kahawa.

“Watakaopita hapa si watu wazima,” mtu akasema. “Ng'oa, uweke upya.”

Nikatazama nyuma kuona ni nani aliyesema. Kamati nayo ilikuwa inanitazama mimi. Ilikuwa sauti yangu, Mheshimiwa. Mkandarasi alilalamika, akataja majina ya watu wakubwa anaowajua, na mimi nikamwambia dirisha la malalamiko lipo, akachukue namba. Kingo zikang'olewa, zikawekwa upya.

Tangu siku hiyo nina kitu kifuani, joto fulani, hasa asubuhi nikitoka nyumbani. Nilikwenda kwa daktari. Akapima presha, akasema ni nzuri kuliko ya mwaka jana, akauliza kama nimebadilisha chakula. Nikamwambia nimebadilishwa kazi nikiwa kwenye kiti kilekile. Akasema hiyo haina dawa. Nahofia ni ugonjwa unaoletwa na Mpango wenu, na naomba Mpango ugharimie matibabu.

Zaidi ya hayo, njia yangu ya kwenda ofisini, ambayo ilikuwa ya dakika nane, sasa ni ya saa nzima. Watu wananisimamisha. Zamani walinisalimia kwa mbali kama wanavyosalimia msiba wa mtaa mwingine. Sasa wananishika mkono, wananiuliza habari za taa, habari za jaa, habari za mke wangu. Kuhusu taa na jaa huwa nina jibu.

7. Kwa kuwa mambo yamefika hapo, naomba, kwa heshima zote, msaada wa kutudhoofisha. Naamini nchi rafiki iliyoweza kutuimarisha kwa muda mfupi hivi haiwezi kukosa utaalamu wa upande wa pili. Tunahitaji mshauri mmoja, wa miezi sita, mwenye ujuzi wa kuchelewesha mambo huku akionekana yuko mbioni. Aje avichukue viti. Ampeleke Bi Rafika mafunzo mengine, safari hii ya kusahau, na hoteli iwe nzuri zaidi. Anunue kufuli la kabati. Mimi mwenyewe ningejitolea kumsaidia, maana kwa miaka ishirini na mitano nilikuwa miongoni mwa mabingwa wa fani hiyo, lakini mkono umeharibika. Wiki iliyopita nilijibu barua siku ileile niliyoipokea, na niligundua nimeshaituma ndipo nikashtuka.

Hatudai kurudishwa kabisa tulikokuwa. Tunaomba udhaifu wa wastani, unaomwezesha mtumishi wa umma kusoma gazeti lake mpaka ukurasa wa michezo.

Nifikishie salamu zangu kwa wasaidizi wako wote hapo ofisini, hasa yule dada anayetuma ujumbe wa kukumbushia kila Alhamisi. Mwambie nimemkumbuka pia. Msalimie dereva wako, Bwana Hamadi, na umwambie mafuta ya zeituni aliyoagiza yako tayari, aje na chombo chake. Wasalimie wananchi wa nchi rafiki, ambao hawajui walichonifanyia na hawana kosa. Bi Annelies anakusalimu. Sasa anajua maneno mawili matatu ya mtaani kwetu, na aliyatumia vizuri kwa mkandarasi.

Mimi niliye mtumishi wenu mtiifu, na kwa sasa mchovu,

Lazhar Mbazaa
Katibu Mkuu

Tanbihi. Jumatano, mchana.

Barua hii ilikuwa iondoke na basi la jana. Haikuondoka, kwa sababu dereva aliona mawingu ya milimani akakataa kuwasha gari. Mvua ilinyesha kutwa na kucha. Leo asubuhi nilikuwa nakunywa kahawa, Naziha ameshatoka kwenda shule, nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto. Halikuwa lori. Nilikimbia, mimi ambaye sijakimbia tangu nilipotoka jeshini, mguu mmoja una kiatu na mwingine ndara, koti juu ya nguo za kulalia.

Maji yalikuwa ya rangi ya matofali, yamebeba mlango wa mtu na kondoo mmoja aliyekufa. Daraja lilikuwa limesimama juu yake. Naziha alikuwa upande wetu, anawavusha watoto wawili wawili, mkono mmoja begani kwa kila mmoja. Aliniona na ndara yangu.

“Nenda upande ule,” akasema. “Uwapokee.”

Nikaenda, nikawapokea. Mia moja na sita, niliwahesabu. Walishika zile kingo, na wengi wao kichwa hakikuzifikia. Yule Islem sasa ni msichana mkubwa, alipita akiwa amemshika mdogo wake. Mtoto mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mwenye daraja. Nikamwambia daraja ni la mwalimu wake. “Basi wewe unafanya nini hapa?” akasema. Nikamwambia apite, atachelewa.

Walipokwisha, Naziha akavuka, akafungua daftari la mahudhurio chini ya mwavuli.

“Wa kijiji cha Bir Twil hawajafika hata mmoja,” akasema. “Ishirini na watatu. Wao wana korongo lao, kule juu.”

“Tangu lini?” nikauliza.

Akaniangalia kwa muda, vile anavyomwangalia mwanafunzi aliyeuliza swali zuri kwa kuchelewa.

“Chukua kalamu, Lazhar.”

Tangu siku ya kabati hakuwa ameniita kwa jina.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, yote niliyoandika hapo juu, kuanzia salamu hadi sahihi, yapuuze. Ningeichana barua, lakini Bi Rafika ameshaiandikisha, na anasema kilichoandikishwa hakichanwi. Nimeambatisha ombi la daraja la Bir Twil. Nimelisoma lote kabla ya kulisaini. Nasikia Mpango wenu unafungwa mwezi ujao. Naomba usifungwe. Na kama jibu ni hapana, usijisumbue kuliandika, tutalisikia kwa masikio yetu: tunakuja Tunis Jumatatu, wazazi wa Bir Twil, walimu, Ammi Mabrouk na mimi. Basi limeshajaa. Meya amepata nafasi ya mwisho, juu ya injini.

Tutafika saa tatu. Usihangaike kuandaa chochote, mkate na mayai ya kuchemsha tunakuja navyo, na vya kwako vimo.

L. M.